Usiku wa mgonjwa wa saratani nao una tiba

Kila aliyekuja kuniona wakati wa tibakemikali aliuliza habari ya kutapika, ya nywele na ya hamu ya chakula. Usingizi hakuna aliyeugusa, kana kwamba mgonjwa kukesha ni sehemu ya ugonjwa na hakuna la kufanya. Lipo la kufanya, na ndiyo maana naandika.

Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya wagonjwa wa saratani wanapata shida ya usingizi. Sababu ni nyingi. Kuna maumivu. Kuna tembe za deksamethasoni tunazopewa kuzuia kutapika, ambazo hukesha na wewe. Kwa sisi wa saratani ya matiti tunaomeza tamoksifeni, kuna joto linalopanda ghafla usiku hadi shuka inalowa. Haya ya dawa mwambie daktari wako. Wangu alinisogezea tembe za jioni zikawa za asubuhi na mchana mapema, nikapata nafuu siku zile za sindano.

Lakini dozi ziliisha, mionzi ikaisha, na usingizi haukurudi. Nalala saa tatu, saa saba niko macho, nahesabu mbao za dari mpaka adhana ya alfajiri. Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa mwanasaikolojia, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, ananiita mama.

Siku ya kwanza hakuanza na usingizi. Alinipa karatasi yenye picha ya kipimajoto, chini 0 na juu 10, akasema, "Mama, weka alama hapo ulipofikia wiki hii." Nikaweka kwenye 8. Pembeni kulikuwa na orodha: pesa, watoto, ndoa, maumivu, hofu. Ilinishangaza kwamba kalamu ilikwenda kwanza kwenye ada ya binti yangu wa kidato cha tatu, halafu ndipo kwenye kifo. Mwezi mzima nilikuwa nimebeba vyote viwili kama mzigo mmoja. Ada ina njia zake: kuna mwalimu mkuu, kuna shemeji, kuna kulipa kidogo kidogo. Kifo tulikizungumza pembeni, taratibu, na aliniacha nilie bila kunikatisha.

Hakuniambia "usiwaze". Nilishaambiwa hivyo na watu wengi wenye nia njema. Yeye alitaka nieleze wazo lenyewe linasemaje. Langu lilikuwa moja: mgongo ukiuma tu, najua imefika kwenye mifupa. Akauliza jana yake nilifanya nini. Nilikuwa nimefua mashuka. Akaniandikia tuliyokubaliana: maumivu mapya yakikaa wiki mbili bila kupungua, au yakizidi, naenda kliniki bila kungoja tarehe, yakiwa chini ya hapo, naandika kwenye daftari na kuendelea na siku. Hofu haikuondoka, ila ilipata mahali pa kukaa. Kila alasiri baada ya chai nilikuwa na muda wangu wa kuandika mawazo yote, na yakija usiku nayaambia yasubiri alasiri.

Sasa usingizi wenyewe. Kwa maelezo yake, mwili wangu ulikuwa umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuogopa, na njia ya kuufundisha upya ni kutokitumia kwa kukesha. Usingizi usipokuja kwa muda wa kama robo saa, ondoka. Rudi ukisinzia. Usilale mchana hovyo, na amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kanuni hiyo ya kutoka kitandani ilianzishwa na Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1972.

Kitandani nilikuwa nakaa kwa muda wa saa tisa na kulala saa tano tu. Akanipunguzia: niingie saa tano na nusu usiku, niamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, mpaka usingizi ujaze muda huo, ndipo tuongeze kidogo kidogo. Wifi yangu, aliyekuja kuniuguza, alinikuta sebuleni saa nane usiku kwenye kiti cha plastiki, nachambua mchele kwa mwanga wa simu. "Wifi, mgonjwa gani huyu? Rudi ukalale!" Alitaka hata kumpigia kaka yake aliyekuwa safarini. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kweli, kichwa kizito mchana kutwa. Ya tatu nikaanza kusinzia kabla ya saa tano na nusu kufika.

Usianze hili la kupunguza saa peke yako. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, anayeendesha gari, au mwenye mifupa dhaifu anayeweza kuanguka akiamka gizani, asimamiwe na mtaalamu. Na si jambo la kubahatisha: mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye shida sugu ya usingizi aanze na tiba hii nzima ya kubadili mawazo na tabia za usingizi, kitaalamu CBT-I, kabla ya vidonge vya usingizi.

Wataalamu wa saikolojia kwetu ni wachache, hilo linauma. Ila pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuna tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na wengi wanaikwepa wakidhani ni ya anayekufa tu. Ni ya maumivu, hofu na usingizi pia, tangu siku ya kwanza ya matibabu. Ukienda kliniki wiki hii, nenda na karatasi: umeingia kitandani saa ngapi, umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi. Mpe muuguzi mkononi, hata kama hajauliza.