Tefigramu: neno lenyewe, na namna ya kuusoma mchoro wake

Tefigramu, mchoro ambao wataalamu wa hali ya hewa huutumia kuonyesha halijoto na unyevu wa hewa kuanzia ardhini kwenda juu, ni neno la vipande vitatu. Te ni herufi T, yaani halijoto. Fi ni herufi ya Kigiriki φ. Gramu ni mchoro au andiko, kama ile iliyomo ndani ya telegramu. Si gramu ya mizani. Mchoro huu ulibuniwa na Napier Shaw wa Uingereza mwaka 1915, enzi ambazo entropia (kipimo kinachobadilika hewa inapopokea au kutoa joto) iliandikwa kwa φ. Siku hizi vitabu vingi huandika S, ndiyo maana wengi hulikuta neno hili wasijue hiyo fi imetoka wapi.

Nasisitiza entropia kwa sababu bila hiyo mchoro unabaki kuwa rundo la mistari. Fungu la hewa likipanda bila kupokea wala kutoa joto, na mvuke wake haujageuka matone, entropia yake haibadiliki. Kwa hiyo njia yake kwenye tefigramu ni mstari ulionyooka, adiabati kavu, unaokatana na mstari wa halijoto isiyobadilika kwa pembe mraba. Tena, joto ni halijoto mara badiliko la entropia, kwa hiyo eneo la karatasi ni nishati. Sentimita moja ya mraba chini kabisa na nyingine juu karibu na mawingu ya barafu zina nishati ile ile kwa kila kilo ya hewa. Hapo ndipo uzuri wa tefigramu ulipo.

Karatasi huzungushwa nyuzi 45 hivi ili mistari ya mgandamizo wa hewa ilale karibu mlalo. Mistari ya halijoto hupanda kuelekea kulia, adiabati kavu hupanda kuelekea kushoto. Juu yake kuna adiabati nyevu, yaani njia za hewa ambayo mvuke wake unageuka matone, zilizopinda, na mistari ya kiasi cha mvuke, katika gramu kwa kilo.

Tuchukue mfano. Kwenye hektopaskali 1000 (kizio cha mgandamizo wa hewa), halijoto ni nyuzi 30 za Selsiasi na halijoto ya umande, ile ambayo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke huanza kugeuka matone, ni nyuzi 20. Weka nukta mbili. Kutoka kwenye 30 fuata adiabati kavu kwenda juu. Hewa inapoa nyuzi 9.8 kwa kila kilomita. Kutoka kwenye 20 usifuate adiabati! Fuata mstari wa kiasi cha mvuke, hapa karibu gramu 15 kwa kilo, kwa sababu mvuke uliomo haujapungua. Mistari hiyo miwili inakutana karibu na hektopaskali 865, kwenye nyuzi 17.7. Hapo ndipo kitako cha wingu. Ukitaka kuhakiki bila karatasi, zidisha tofauti ya halijoto na umande kwa mita 125: 10 mara 125 ni mita 1250.

Kuanzia hapo shika adiabati nyevu. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto, kwa hiyo hewa hii yenye uvuguvugu hupoa karibu nyuzi 4 tu kwa kilomita. Kadiri inavyopanda kwenye baridi mvuke unakwisha, na mpindo unazidi kulandana na adiabati kavu.

Sasa rudi kwenye makutano yale, ushuke kwa adiabati nyevu hadi hektopaskali 1000. Utafika karibu na nyuzi 23, nayo ndiyo halijoto ambayo kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji kingesoma. Hii ni kanuni ya Normand, mtaalamu wa hali ya hewa, na ndiyo njia bora ya kujikagua: jibu lisipoangukia kati ya umande na halijoto, kuna mstari umeukosea.

Linganisha njia ya fungu na mstari wa halijoto ya hewa ya nje iliyopimwa na puto la hali ya hewa. Fungu likiwa upande wa kulia, ni la moto kuliko hewa inayolizunguka, nalo litapanda lenyewe. Eneo lililofungwa kati ya mistari hiyo miwili ndilo nishati ya ngurumo. Jouli 1000 kwa kilo zinatoa, kwa hesabu tupu, mkondo wa hewa inayopanda kwa mita 45 kwa sekunde. Mawinguni haufiki hapo, kwa sababu hewa kavu huingia pembeni na uzito wa maji huuelemea.

Kosa linaloharibu utabiri mara nyingi ni kuanzia na halijoto ya ardhini adhuhuri. Tabaka jembamba lililogusana na ardhi iliyochomwa na jua haliwakilishi hewa inayopanda; chukua wastani wa hektopaskali 50 hadi 100 za chini, wa joto na wa mvuke pia. Kosa la pili ni kusahau kwamba mvuke ni mwepesi kuliko hewa kavu. Gramu 15 kwa kilo huifanya hewa ya nyuzi 30 ielee kama hewa kavu ya karibu nyuzi 32.7, na palipo na nishati kidogo, tofauti hiyo inatosha kugeuza jibu.

Na ukikuta mchoro ambao mistari ya mgandamizo imenyooka kabisa huku adiabati kavu zimepinda kidogo, hiyo si tefigramu. Ni ndugu yake wa mwaka 1947, uitwao Skew-T log-P, unaopendwa zaidi Marekani. Hatua za kusoma ni zile zile.