Siku moja maishani mwangu: kupima majani ya miti pori Dodoma

Saa 11 alfajiri huwa nimeshaamka, kwa sababu kazi ya kupima usanisinuru porini, yaani jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, haimsubiri mtu. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na hata sasa, mwezi Machi, udongo ukiwa bado na unyevu, hewa hukauka upesi jua linapopanda. Ikikaribia saa 6 mchana, miti mingi hufumba stomata, yaani vitundu vya jani vinavyoingiza hewa ya ukaa na kutoa mvuke, ili isipoteze maji. Ukichelewa, mashine inapima jani lililokwisha kupunguza kazi.

Saa 2 asubuhi tuko kwenye mteremko wenye mawe nje ya mji, mimi na kijana ninayemfundisha. Tunaanza na mbuyu, ambao jani lake lina vijani kadhaa vilivyopangwa kama vidole vya mkono, laini kiasi kwamba ukivikunja havikatai. Tunachagua jani lililokomaa na linalopigwa na jua, kisha tunalibana ndani ya kichemba cha mashine, ambacho hupitisha hewa yenye kiwango kinachojulikana cha hewa ya ukaa na kupima ni kiasi gani jani limekinyonya. Hapo ni kungoja.

“Dada, namba zimetulia,” ananiambia, nami naandika.

Mgunga hutuchukua muda mrefu zaidi. Vijani vyake ni vidogo mno, kwa hiyo tunavilaza kimoja kimoja bila kupandana, na eneo lake halisi tutalipata baadaye kwenye skana. Udogo huo una faida yake, kwani kijani kidogo hupoa kwa urahisi hata upepo ukiwa hafifu, na mgunga, kwa msaada wa bakteria walioko mizizini, hujipatia naitrojeni ambayo jani huihitaji sana kwa vimeng’enya, yaani protini zinazoendesha usanisinuru.

Saa 4 na nusu tunafika kwenye mdaa. Jani lake ni gumu na nene, na kwa kila gramu ya jani hunyonya hewa ya ukaa kidogo kuliko mbuyu. Mzee mmoja anayechunga mbuzi anasimama kututazama.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Huo mbona mnaupima? Mbuzi hawautaki.”

Kauli yake imegusa kiini cha kazi yetu. Jani lililogharimu mti mali nyingi hulindwa kwa ugumu na kwa kemikali chungu, kwa kuwa lazima lidumu muda mrefu ndipo lirudishe gharama yake, ilhali mbuyu hutengeneza jani la bei nafuu, huchuma haraka wakati wa mvua, kisha hulidondosha kiangazi kinapoingia.

Mchana tunarudi maabara. Majani ya leo yanaingia kwenye skana, kisha kwenye oveni ya nyuzi 70 za Selsiasi, na yale yaliyokwisha kukauka tunayapima uzito ili tupate gramu kwa kila mita ya mraba. Kipimo hiki kinaonekana cha kawaida, lakini kina uzito mkubwa: mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Ian Wright walikusanya takwimu za spishi 2,548 kutoka maeneo 175 duniani, wakaona kwamba jani zito kwa eneo lake kwa kawaida huishi muda mrefu na hufanya usanisinuru polepole kwa kila gramu. Tofauti zilikuwa kubwa, kutoka gramu 14 hivi hadi zaidi ya 1,500 kwa mita ya mraba. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mbuyu na mdaa hunyeshewa mvua ileile, kwenye mteremko uleule, na kila mmoja unaishi kwa jani lake. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia miti ya kupanda kwenye maeneo makame ikichaguliwa kwa kasi ya ukuaji peke yake.

Saa 11 jioni, tunapopanga ratiba, kijana ananiuliza, “Na mkababu je, dada? Leo tumeuruka.” Mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, mizizi yake ikifuata maji ya chini sana, kwa hiyo tumeuandika Agosti, wakati mibuyu itakuwa mitupu.