Kifaa cha setilaiti kijue kujizima

Setilaiti iliyo kilometa 500 juu hupita umbali wa Arusha hadi Moshi kwa sekunde 11 hivi. Ikipita utosini utaisikia kwa dakika 10 au kidogo zaidi, na ukiwa mjini Arusha Mlima Meru unakukatia upande wa kaskazini: mpaka setilaiti ipande nyuzi 10 hivi, husikii kitu. Kwa redio ya biti 9,600 kwa sekunde, dakika 10 ni kilobaiti 720. Picha moja ghafi ya pikseli milioni 1, kila pikseli biti 12, ni megabaiti 1.5. Mipito miwili haiimalizi.

Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya siku hakuna mtu wa kuiamuru. Ndiyo maana nasisitiza kwamba programu ya kifaa cha sayansi ijue kwanza kukizima, kupima kufuate.

Kipe kifaa hali chache zenye majina: kimezimwa, kinapasha, kinapima, kina hitilafu. Kila hali iwe na ukomo wa muda. Kama kupasha sensa huchukua dakika 5, ikifika ya 7 bila joto kutimia, zima na uandike sababu kwenye kumbukumbu isiyofutika. Programu ikiwaka upya, kifaa kianze kikiwa kimezimwa, hata kama kilikuwa katikati ya kupima.

Mionzi inastahili uangalifu wa peke yake. Chembe yenye nishati kubwa inaweza kugeuza biti ya 0 kuwa 1, na hapo nakala tatu za kila kigezo muhimu, zikipigiana kura, zinatosha. Lakini inaweza pia kufungua njia ya umeme ndani ya chipu, mkondo ukapanda mpaka chipu iungue. Hilo haliponi kwa kuwasha programu upya. Lazima umeme ukatwe kabisa. Ukataji huo uachie saketi, kwa sababu programu inaweza kuchelewa. Programu ihesabu tu: ikikatwa mara tatu, isijaribu tena mpaka amri itoke ardhini. Juu ya Atlantiki ya Kusini na sehemu ya Amerika Kusini mionzi ni mikali zaidi, hata darubini ya Hubble husimamisha upimaji ikipita huko. Weka eneo hilo kwenye ratiba.

Kisha kuna taima ya mlinzi, inayowasha kompyuta upya isipopigwa, yaani isipopewa ishara na programu kwa wakati. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuipiga ndani ya interapti ya saa, yaani kipande cha programu ambacho saa ya chipu hukiita kila baada ya muda, programu kuu ikiwa hai au imeganda. Programu kuu inaganda, interapti inaendelea, mlinzi anadhani mambo shwari. Kila kazi (sehemu ya programu) iinue bendera yake, alama ya kusema iko hai, na mahali pamoja pakague bendera zote kabla ya kumpiga mlinzi.

Mlinzi aliiokoa Mars Pathfinder, chombo cha NASA kilichotua Mirihi, mwaka 1997. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli la data, linaloruhusu kazi moja tu kuigusa data kwa wakati mmoja. Kazi za kati zikaipokonya prosesa. Kazi ya juu ikasubiri kufuli hilo bila kulipata. Kompyuta ikawa inawaka upya mara kwa mara. Dawa ilikuwa kuruhusu mshika kufuli arithi kipaumbele cha anayemsubiri, na mabadiliko hayo yalitumwa kutoka duniani hadi Mirihi.

Kwa wanaojenga bodi zao hapa Arusha, jaribuni mapema I2C, basi (njia ya pamoja) ya nyaya mbili, wa data na wa saa, inayounganisha chipu. Mikrokontrola, kompyuta ndogo ya bodi, ikiwaka upya katikati ya usomaji, sensa inaweza kubaki imeshikilia waya wa data chini, na basi zima likakwama. Toa mipigo kwenye waya wa saa mpaka 9, waya ukiachiwa toa ishara ya kusitisha. Mezani, bonyeza riseti ya mikrokontrola mara 100 usomaji ukiendelea, sensa ikibaki na umeme wake. Usiikate sensa umeme, maana hapo itajiachia yenyewe na kosa hutaliona.