Simu au kifaa cha GPS: nilivyoamua kwa safari zangu za pikipiki za Amani

Kazi yangu ni kununua iliki na pilipili manga kwa wakulima wa Usambara Mashariki, hivyo karibu kila wiki huendesha pikipiki kutoka Tanga mjini hadi Amani. Lami ya kufika Muheza haihitaji ramani. Shida huanza ninapoiacha na kupanda mlima, ambako njia hugawanyika kati ya msitu na mashamba ya chai, na mtandao wa simu haushiki.

Mwanzoni nilifunga simu yangu kwenye usukani kwa kishikio cha plastiki. Siku moja ramani ilibaki nyeupe tupu, ikiwa na nukta ya buluu katikati, nami nikailaumu GPS bure. Setilaiti za GPS, zinazozunguka takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, hutangaza mawimbi yake kwa kila kipokezi, na simu huyapokea hata isipokuwa na laini. Kilichokosekana ni picha ya ramani, ambayo ilikuwa ikiletwa na intaneti. Nilipopakua programu inayotumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa bure, na kuihifadhi ramani ya Tanzania nikiwa nyumbani, tatizo hilo likaisha kwa gharama ya bando tu.

Yaliyobaki hayakuhusu setilaiti hata kidogo. Jua la kiangazi liliipasha simu joto hadi ikajizima, na wakati wa masika matone ya mvua yalibonyeza skrini yenyewe huku vidole vyangu vyenye glavu vikipuuzwa. Kisha kamera ikaanza kutoa picha zenye ukungu. Fundi aliishika, akaitikisa karibu na sikio lake, akaniuliza, "Kaka, hii huwa unaifunga kwenye pikipiki?" Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki zenye nguvu kubwa unaweza kuharibu sehemu zinazotuliza lensi za kamera za iPhone. Simu yangu si iPhone wala pikipiki yangu si kubwa, lakini mawe ya mlimani hutetemesha vya kutosha, na mimi bila picha safi za iliki simpati mnunuzi.

Binamu yangu akaniazima kifaa chake cha GPS kilichoundwa kwa ajili ya pikipiki. Nakiri kilinivutia: hakikuogopa mvua, kilikubali glavu, kilisomeka juani, na kilivuta umeme moja kwa moja kutoka betri ya pikipiki. Hata hivyo, ramani yake haikuwa na vijia vyetu, na kuiingiza ya OpenStreetMap kwa kompyuta kulinichukua jioni nzima. Mkulima naye hakuweza kunitumia mahali alipo kama anavyofanya kwa WhatsApp. Bei ya kipya, ambayo ni mamia ya dola, ilimaliza mjadala, ingawa mtu anayesafiri kutwa nzima mvuani ningemshauri akinunue.

Basi nilichukua simu ileile iliyoharibika kamera, nikaitoa laini, nikaiweka ndani ya mfuko usiopitisha maji kwenye usukani, na fundi umeme akanifungia soketi ya chaji yenye fyuzi kutoka kwenye betri. Simu mpya hukaa mfuko wa kifuani, ambako mwili wangu huimezea mtetemo. Mvua ikizidi, husimama chini ya kibanda, nikaikariri njia hadi njiapanda inayofuata.

Nyumba za wakulima nimeziwekea alama kwa majina tunayoelekezana: penye mfenesi, daraja la magogo, kwa mama wa vitumbua. Kila mwisho wa mwezi huzihamishia alama hizo kwenye kompyuta kama faili la GPX, muundo ambao hata kifaa cha binamu huusoma, maana simu ile kuukuu imeanza kuvimba betri.