Leseni ipi ya urubani ukitaka kazi nje?

Mnaouliza leseni ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) au ya EASA (ya Ulaya), anzeni na pasipoti, yaani uraia wenu. Leseni haikupi kibali cha kufanya kazi nchi ya watu. Inauma sana kuona shamba la familia limeuzwa kulipia mafunzo kabla mtu hajaambiwa hilo.

EASA ina mitihani 13 ya nadharia ya ATPL (leseni ya juu kabisa, ya rubani wa ndege za abiria), kila mmoja ufaulu 75%, yote ndani ya miezi 18. Ukifeli karatasi moja mara 4, unarudia zote. FAA ni nyepesi kwenye mitihani, ila ATP kamili (ndiyo ATPL ya Marekani) inadai saa 1,500 za kuruka, na ukitaka kuhamia EASA baadaye, ile 13 inakusubiri palepale. Uingereza nayo ilitoka EASA mwisho wa 2020. Leseni yake ni nyingine.

Kwa nchi za Ghuba, leseni ya TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania) au KCAA (ya Kenya) inafuata viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kinachokwamisha wengi ni aina ya saa: Caravan, ndege ndogo ambayo wengi huku wanaanzia, ina injini moja, na mashirika ya Ghuba mara nyingi yanataka injini mbili au jeti. Kwenye logbuku (daftari la saa zako za kuruka) tenganisha saa za ukapteni, za usiku na za kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje.

Na tafadhali, pima afya daraja la kwanza kabla hujalipa ada hata shilingi moja.