Kama mzigo

Tumehamia Kinyerezi, ripoti ya robo mwaka imekwenda kwa wakati, binamu kaolewa. Lakini nikijilaza tu, narudi kwenye simu ya Jumapili.

Mdogo wangu yuko Marekani, kwenye benchi la timu ya kikapu ya chuo, na bosi wake, kocha mkuu, katimuliwa. Msimu wa kikapu ukiisha mwezi Machi, vyuo vya Marekani huanza kubadilisha makocha, na kocha mkuu akitoka, mara nyingi benchi lake lote, yaani wasaidizi wake, hutoka naye, maana anayekuja huja na watu wake. Mdogo wangu alimwamkia Baba Mdogo, akamweleza hayo taratibu.

"Kwa hiyo umefukuzwa."

"Aliyefukuzwa ni bosi, Baba. Sisi tumeondoka naye."

"Mtu mzima, una digrii mbili, unaondoka na bosi kama mzigo?"

Nikamwona kwenye simu anainamisha uso. "Ndiyo kazi ilivyo, Baba." Basi, wakahamia habari za mvua.

Kama mzigo! Angesema mtu baki ningepuuza. Huyu ndiye aliyemnunulia raba za kwanza, enzi zile mtoto anashinda viwanja vya JMK pale Kidongo Chekundu hadi giza. Naosha vyombo namjibu, niko kwenye daladala namjibu. Baba Mdogo, wewe unayejisifu kwamba Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, unamjua kocha aliyemnoa pale Chuo Kikuu cha Connecticut? Jim Calhoun alifiwa na baba yake akiwa na miaka 15. Aliacha chuo ili asaidie familia, akakata mawe, akachonga maandishi ya makaburini. Baadaye akarudi kusoma, akafundisha timu za sekondari, na mwaka 1972 akapata Northeastern, chuo ambacho hakikuwa na jina kwenye kikapu. Alikaa hapo miaka 14 kabla ya kuhamia Connecticut mwaka 1986. Ubingwa wa vyuo wa taifa wa kwanza aliupata mwaka 1999, akiwa na miaka 56. Mdogo wangu hajafika hata 30. Huo mzigo uko wapi?

Hasira zilikuwa hapo mpaka jana usiku alipopiga tena. Kapata kazi! Ni chuo kidogo cha daraja la tatu, daraja ambalo hawatoi ufadhili wa michezo, mchezaji halipiwi ada kwa sababu ya kikapu. Atakata video za wapinzani, atasaka vijana wa sekondari, na safari nyingine ataendesha gari la timu mwenyewe. Mshahara ni mdogo kuliko wa mwanzo. Lakini sauti yake! "Dada, wachezaji warefu wote wamenipa mimi. Niwafundishe mwenyewe." Miaka yote hii alikuwa mtu wa video na kuokota mipira. Akanikumbusha kwamba hata Calhoun, na vikombe vyake vitatu, alirudi kufundisha daraja hilohilo mwaka 2018, chuo cha Saint Joseph, akiwa na miaka 76. Tuliongea mpaka bando likakata. Baba Mdogo hakutajwa kabisa, na mimi sikumtaja.

Leo asubuhi nimegundua Mama anaruka dawa za presha. Anasema zinamwamsha usiku kwenda haja. Vidonge vilivyobaki ni vingi mno, na kliniki ni Alhamisi. Nikimwambia daktari mbele yake atanuna wiki nzima, na nisipomwambia, yeye hatasema.