Die Welle darasani: simamisha filamu Karo anapoingia na nguo nyekundu

Mwalimu wa Nairobi anayepanga kuwaonyesha wanafunzi Die Welle, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Dennis Gansel, ajue mapema kwamba dalili za mwanzo za udikteta hazitawashtua. Rainer Wenger, mwalimu anayeligeuza darasa lake kuwa kundi la kidikteta kwa njia ya jaribio, anataka aitwe Herr Wenger (Bwana Wenger), anayejibu asimame, kisha wote wavae shati jeupe. Darasa lile la Ujerumani linaona mageni. Kijana wetu amevaa sare na kusimama kujibu tangu shule ya msingi, kwa hiyo kwake hiyo ni shule tu.

Basi sare zisikucheleweshe. Subiri Karo, mmoja wa wanafunzi hao, aingie na nguo nyekundu katikati ya weupe, usimamishe hapo. Hapigwi wala hafukuzwi, ila anatengwa. Uliza: ametengwa na mwalimu peke yake, au na wenzake pia? Swali hilo lipewe muda, maana ndilo kiini cha filamu nzima.

Halafu mfuatilieni Tim, mwanafunzi mwingine. Nyumbani hasikilizwi, shuleni hana rafiki. Kundi linampa marafiki na watu wa kumtetea, na zawadi hiyo ni ya kweli kabisa. Ndiyo maana hachomoki tena, hadi anachoma nguo zake za zamani.

Kwa upande wa maandalizi, filamu ina dakika kama 107, kwa hiyo vipindi viwili vya dakika 40 havitoshi. Jumamosi ni bora. Maneno yote ni ya Kijerumani, hivyo jaribu kwanza kama aliyekaa nyuma anaweza kusoma tafsiri iliyo chini ya picha. Funga mapazia.

Mwisho una risasi na kifo, na kwa maoni yangu unawapa watazamaji njia rahisi ya kutorokea: lawama zote zinamwangukia kijana mmoja, Tim. Kwa hiyo simamisha tena kwenye mkutano wa ukumbini, kabla bastola haijatolewa. Baadaye waeleze kisa cha kweli ambacho filamu imetokana nacho: Ron Jones, mwalimu wa historia katika shule ya Cubberley, Palo Alto, California, Aprili 1967. Alilikomesha jaribio lake ndani ya wiki moja, na hakuna aliyeuawa.

Majibu yaandikwe kwanza kwenye karatasi, kila mtu peke yake, bila majina. Ukianza kwa kuinua mikono, wa pili atamfuata wa kwanza, na wa tatu atawafuata wote wawili.